Wanaume sita, nyumba moja ya soba: tuanzie wapi?

Ndugu washauri,

Nina miaka 34 na huu ni mwezi wa tano sijagusa unga, yaani heroini. Kituoni tulikuwa kundi moja la wanaume sita. Wanne tumeshatoka, wawili wanatoka mwezi ujao. Shida yetu ni ile ile: unatoka ukiwa mzima, halafu unarudi kulala chumba kile kile, mtaa ule ule, na jamaa wale wale wanakupigia mluzi dirishani.

Tumeamua kupanga nyumba pamoja, tuishi soba, bila pombe wala dawa za kulevya, kila mtu achangie. Shemeji yangu ana nyumba ya vyumba vinne vya kulala, choo kimoja ndani na kingine nje. Yuko tayari kutupa kwa kodi nafuu, ila kwa masharti. Yeye ndiye awe msimamizi. Mishahara yetu ipitie kwake, akate kodi na matumizi, atupe kinachobaki. Na atakayekutwa ametumia atafungiwa nje saa hiyo hiyo. Baadhi ya wenzangu wanaona ni sawa tu, kwa sababu sisi wenyewe hatuaminiki na pesa.

La pili, mmoja wetu yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha heroini, anakwenda kliniki kila asubuhi. Wawili wanasema huyo hajaacha, amebadilisha dawa tu, na nyumba ya soba haiwezi kumpokea. Mwingine shida yake ilikuwa pombe, hajawahi kuvuta unga, na wapo wanaosema tusichanganye.

La tatu, tunaogopa mmoja akiteleza atatuburuza wote. Naomba mnijibu kwa mambo yanayofanyika. Hamasa tumepewa za kutosha.

Mpangaji mtarajiwa

*

Ndugu mpangaji,

Tuanze na shemeji, maana hapo ndipo nyumba yenu itakaposimama au kuvunjika. Mshukuruni, chukueni nyumba, kataeni usimamizi wake. Mtu akiwa mwenye nyumba, bosi na mweka hazina kwa pamoja, siku mkibishana naye kuhusu bomba lililopasuka mnakuwa mnabishana na aliyeshika mishahara yenu. Akisafiri wiki mbili, hakuna ajuaye kama umeme umelipwa.

Hilo la kutoaminika na pesa lina ukweli kwa mtu mmoja mmoja. Mwanaume wa miezi mitano aliye peke yake na mshahara mfukoni Ijumaa jioni yuko hatarini, hatubishi. Ila watu sita wanaosomeana daftari kila wiki ni jambo jingine kabisa, na limeshajaribiwa. Mwaka 1975, huko Silver Spring katika jimbo la Maryland, Marekani, wanaume waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya mpito ya watu wanaoacha ulevi waliambiwa inafungwa. Wakaipanga wenyewe. Ndiyo ikawa Oxford House ya kwanza, na zilizofuata zimeendeshwa kwa mambo matatu: maamuzi ni kwa kura, nyumba inajilipia yenyewe, na anayetumia anatoka. Hakuna meneja wa kulipwa na hakuna kikomo cha muda wa kukaa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul walichapisha matokeo ya watu 150 waliotoka matibabu; nusu walipangiwa nyumba hizo kwa bahati nasibu, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia upande wa nyumba walikuwa asilimia 31, upande wa pili asilimia 65. Wenye kazi walikuwa asilimia 76 kwa 49. Ndani ya nyumba zile hakuna daktari wala mshauri nasaha. Wapo wapangaji na daftari lao.

Kwa hiyo shemeji abaki mwenye nyumba. Apokee kodi tarehe moja kila mwezi, atengeneze paa likivuja, basi. Mkataba wa pango usiwe na jina lako peke yako, hata kama ni wewe mwenye undugu naye. Ukiteleza wewe, na lazima ulifikirie hilo, nyumba itaondoka na saini yako huku wenzako watano wakibaki nje bila kosa. Wasaini watatu, na kiwemo kifungu kwamba mmoja akiondoka mkataba unaendelea kwa waliobaki.

Sasa hesabu. Kosa la nyumba nyingi changa ni kugawa gharama kwa idadi kamili ya watu. Kitanda kimoja kikibaki wazi mwezi mmoja, deni linaanza; la pili likija, watu wanaanza kununiana. Gaweni kwa idadi kasoro mmoja. Tuseme gharama zote za mwezi ni sehemu 120: kodi 70, umeme na maji 20, usafi na vifaa vya pamoja 15, matengenezo 10, vipimo na dawa ya dharura 5. Mko sita, gaweni kwa watano: kila mtu sehemu 24. Wote sita mkilipa mnapata 144, zinabaki 24 kila mwezi. Baada ya miezi mitano mna akiba ya sehemu 120, yaani mwezi mzima wa nyumba bila kumwomba mtu. Hapo ndipo mnaweza kufikiria kitanda cha saba na cha nane. Chakula kiacheni nje ya hesabu hii mwanzoni. Wanaotaka kupika pamoja wachangishane wenyewe. Ugomvi wa sufuria hauna sababu ya kugusa kodi.

Mlipane kwa wiki, sehemu sita sita. Kwa mwezi, deni linajificha hadi limeota mizizi. Kwa wiki linaonekana Jumapili ile ile, na katika nyumba ya soba deni mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza: pesa imekwenda mahali, au mtu anaanza kukwepa kikao kwa aibu, na anayekwepa kikao hayuko mbali na kijiwe. Wiki moja ya deni, aeleze kikaoni. Wiki mbili, aandike atalipaje na lini. Ya tatu isifike bila kura.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nasi tunaongeza madaftari yawe mawili: la mweka hazina na la katibu, yanalinganishwa kwa sauti kwenye kikao cha kila wiki. Pesa iende kwenye akaunti yenye saini mbili, na taslimu isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Msimpe mtu kishawishi halafu mkamshangaa. Vyeo vizunguke kila baada ya miezi sita, na mweka hazina asirudie awamu hata kama ni hodari. Huyo hodari akizoeleka mnakuwa mmejitengenezea shemeji mwingine.

Tuje kwa mwenzenu wa methadoni. Huyo aingie, tena bila masharti ya kumpangia siku ya kuacha. Methadoni na mwenzake buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Kwa kipimo kilichokaa sawa, methadoni inamtoa mtu kwenye arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa, bila kumlewesha: anaamka, anakunywa dozi mbele ya muuguzi, anakwenda kazini. Anayelazimishwa kuikatisha ili awafurahishe wenzake hatari yake ya kufa kwa kuzidisha dozi hupanda. Nyumba isijadili kipimo chake. Hilo ni la yeye na kliniki.

Mnachopaswa kujadili ni kufuli. Akianza kupewa dozi za kubeba nyumbani, zikae kwenye kisanduku cha chuma chenye ufunguo anaoubeba mwenyewe mwilini, kikiwa kimefungwa kwa skrubu ndani ya kabati. Dozi yake ya kawaida inaweza kumuua mwenzake ambaye mwili umeshasahau dawa za jamii hiyo. Wakati wa vipimo pia kuna la kujua: kikaratasi cha kawaida cha kupima unga hakisomi methadoni, wala fentanili, wala tramadoli, ambazo ni dawa za maumivu za jamii hiyo. Kila moja ina kikaratasi chake. Kwa hiyo mtu wa methadoni akionyesha alama kwenye kile cha unga, methadoni siyo maelezo.

Mtu wa pombe naye aingie. Ila katazo la pombe liwe la wote, na hapa watakaolalamika ni nyinyi wa unga, mkisema bia haijawahi kuwa shida yenu. Itakuwa. Ukishalewa, ile sauti ya kukataa unga inalala, na pombe juu ya methadoni inapunguza pumzi hadi mtu anaweza asiamke. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi na ya kikohozi yenye kodeini nazo zisiingie.

Kuna mtu mmoja wa kumkatalia mlangoni, naye ni yule aliyekuwa akinywa sana hadi jana. Hamumkatai kwa tabia yake. Arosto kali ya pombe inaweza kuua: degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho, na hali ya kuweweseka na kutetemeka huja siku ya pili hadi ya nne. Waliozoea vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi wana hatari hiyo hiyo. Huyo aanzie hospitali, aje kwenu na karatasi kwamba mwili umeshatulia.

Kabla hamjahamia, mwiteni fundi, tena kwa choo kwanza. Mlango wa choo ukifunguka kwa ndani, mtu akianguka nyuma yake mwili unauziba na nyinyi mko nje mnasukuma huku dakika zinakwenda. Ugeuzwe ufunguke kwa nje. Komeo litolewe, kiwekwe kitasa kinachoweza kuzungushwa kwa nje kwa sarafu au bisibisi. Choo cha nje kiwekewe taa inayowaka usiku kucha, maana chenye giza ndicho atakachokichagua anayetaka kujificha. Shemeji akiuliza kwa nini, mwambieni ukweli.

Vyumbani laleni wawili wawili. Chumba cha peke yake kisiwe zawadi ya mtu yeyote mwaka huu wa kwanza; wengi wanaozidisha dozi hufa kwa sababu hakuna aliyesikia pumzi zikibadilika. Vyumba vitatu vinawatosha, cha nne kiwe cha vikao hadi mtakapoongeza vitanda.

Naloksoni iwepo, dozi mbili au zaidi, mahali pa wazi ambapo kila mtu anapajua gizani. Isifungiwe. Inaondoa sumu ya dawa za jamii ya unga kwa dakika 30 hadi 90 hivi, kisha inaisha, na iliyoko mwilini ikiwa bado inafanya kazi mtu anaweza kuzama tena. Ndiyo maana gari la wagonjwa linaitwa hata kama ameshafungua macho na anawatukana. Wote mfunzwe kumpulizia pumzi. Kwa pombe na vidonge vya usingizi haifanyi kitu, lakini msipojua alichotumia, mpeni tu.

Vipimo vya mkojo visiwe fimbo ya mshukiwa. Andikeni namba sita kwenye vikaratasi, tieni kwenye kopo, vuteni mbili kila wiki kwa siku isiyojulikana. Unga huonekana siku mbili tatu tu, kwa hiyo kipimo cha kila Jumatatu ni sawa na kumwambia mtu atumie Jumatatu jioni. Kopo la mkojo liwe na kile kipande cha kupima joto: ndani ya dakika nne kisome kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, la sivyo mkojo umeletwa na chupa. Bangi kwa aliyekuwa mvutaji mkubwa inaweza kubaki mwezi au zaidi, kwa hiyo mpimeni mgeni siku ya kuingia na muiandike, msije mkamfukuza kwa ya zamani. Kipimo cha kupuliza kwa ajili ya pombe kikionyesha kitu, rudieni baada ya dakika 15, pengine alikuwa amesukutua tu. Na kikaratasi ni dalili, kinaweza kukosea. Mtu akibisha, sampuli ile ile iende maabara kwa gharama yake, arudishiwe pesa ikitoka safi. Kila atakayeandikiwa dawa na daktari amwonyeshe katibu kabla ya kumeza, si baada ya kupimwa.

Sasa lile mnaloliogopa. Atateleza mtu. Pangeni kana kwamba mnajua jina lake, na muandike utaratibu sasa hivi, wakati hakuna aliyeteleza na kila mmoja anaweza kuwa yeye. Kanuni inayotungwa usiku wa tukio hutungwa kwa hasira au kwa huruma, na zote mbili zinaharibu.

Sisi tunaunga mkono kwamba anayetumia anatoka. Inauma, na wapo wanaoona ni ukatili, lakini ukimwacha abaki, kesho wa kitanda cha pili anavuta naye na keshokutwa biashara inafanyika chooni. Tunapopingana na shemeji yako ni kwenye lile neno la kufungiwa nje saa hiyo hiyo. Mwili wa mtu aliyekaa miezi bila unga umeshapoteza uzoefu wake; dozi aliyokuwa akiibeba zamani sasa inaweza kumuua. Kumtoa gizani akiwa amelewa ni kumpeleka akaongeze nyingine peke yake. Usiku ule anakaa sebuleni, amelazwa ubavu, wawili wanakesha naye kwa zamu. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kuamshwa, ni naloksoni na gari la wagonjwa. Kura inapigwa ndani ya saa 24, nusu na zaidi inatosha. Anaondoka asubuhi, akili ikiwa timamu.

Na anaondoka kwenda mahali. Siku ya kuingia, kila mmoja aandike karatasi yake ya kuondoka, kwa mwandiko wake, ibaki kwa katibu:

Nikitumia, nitakwenda kulala kwa: (majina mawili na namba zao, wote wameshaulizwa na wamekubali).
Asubuhi hiyo nitapelekwa: (kliniki au kituo gani), na atakayenisindikiza ni: (jina la mpangaji).
Dawa zangu ni: … Nitaondoka nazo pamoja na dozi moja ya naloksoni.
Vitu vyangu vitaandikwa na kutunzwa siku 30.
Nikitaka kurudi, nitaomba baada ya siku 30 na kupigiwa kura kama mgeni.

Hapo kwenye majina mawili ndipo wengi hukwama kwa muda mrefu. Asiye na hata jina moja msimkatae. Tafuteni naye kabla hajahamia, hata kama ni kitanda cha kituo.

Kumpokea mtu mpya iwe kura ngumu kuliko ya kumtoa: asilimia 80, maana yake mkiwa sita, watano waseme ndiyo. Mhojini wote mkiwa mmekaa, msimwachie mmoja. Ulizeni atalipa na nini, lini mara ya mwisho alitumia, nani alimwona akiwa safi. Mengine kama zamu za usafi, saa ya kurudi na wageni mtayamaliza kikao kimoja. Mgeni asilale, hilo tu tunasisitiza. Majirani mkiwapa namba ya simu ya mwenyekiti inatosha, hamdaiwi historia zenu.

Jambo la haraka kuliko yote ni wale wawili wa mwezi ujao. Ongeeni na kituo sasa ili tarehe ya kutoka kwao ilingane na tarehe ya kuingia nyumbani, hata kama itabidi wabaki kituoni siku tatu zaidi wakisubiri mlango wa choo ugeuzwe. Wasipite kwao kulala hata usiku mmoja kuchukua nguo; aende mtu mwingine akawachukulie.